Magango ya Chuma Ndani ya Mawe

Mnakumbuka katika Matendo ya Mitume jinsi Mtume Paulo alivyofika Athene, akawa akiwangoja Sila na Timotheo, na katika kungoja kwake akauzunguka mji ule akitazama mahekalu na sanamu, hata wenye hekima wa mji wakamchukua mpaka Areopago wapate kuyasikia mafundisho yake. Areopago ni kilima cha mwamba mtupu. Karibu nacho, upande wa maawio ya jua, kiko kilima kingine kilicho kirefu kupita hicho, jina lake Akropoli, na juu ya Akropoli limesimama hekalu liitwalo Parthenon. Paulo alifika kule yapata mwaka 50 baada ya kuzaliwa Bwana wetu, na siku hizo hekalu lile lilikuwa limekwisha kutimiza karibu miaka 480. Alipowafundisha watu wa Athene ya kuwa Muumba hana haja ya kujengewa makao na wanadamu, kilima chenye makao yale kilikuwa pale pale juu yao.

Sisi leo hatutasema habari za mungu wa uongo aliyeabudiwa mle. Twataka kusema habari za mawe ya hekalu lile, na hasa habari za vyuma vilivyotiwa ndani ya mawe ili kuyashika. Wengi wapitao chini ya kuta ndefu za mawe katika miji mikubwa ya dunia hawajui ya kuwa juu ya vichwa vyao jiwe limeshikwa na chuma kisichoonekana, wala hawajui chuma hicho kina hali gani. Na kazi yenyewe si ngeni kwetu tusomao Maandiko. Mfalme Daudi, alipokuwa akimwekea mwanawe Sulemani vifaa vya kuijengea Nyumba ya Bwana, aliweka chuma kingi kwa misumari na kwa viungo. Habari hiyo imo katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 22.

Kazi ya kuijenga Parthenon ilianza mwaka 447 kabla ya Kristo, zamani za Perikles, aliyekuwa mkuu wa watu wa Athene. Wasimamizi wa ujenzi walikuwa Iktinos na Kallikrates, naye Pheidias, mchonga sanamu, alisimamia mapambo. Baada ya miaka 9 jengo lilikuwa limesimama, na mwaka 432 mapambo yakaisha. Mawe yake ni marumaru nyeupe, iliyochimbwa katika mlima Pentelikon, mwendo wa kilometa 16 hivi kutoka mjini. Na jambo litakalowashangaza waashi wetu ni hili: baina ya jiwe na jiwe hamna chokaa hata kidogo. Mafundi waliyachonga mawe wakayasugua hata yakakutana sawasawa, na mahali yakutanapo huonekana kama uzi mwembamba tu.

Lakini jiwe lililokaa juu ya jiwe kwa uzito wake peke yake laweza kuteleza, na nchi ile ya Wayunani ni nchi ya matetemeko. Kwa hiyo mafundi waliyafunga mawe kwa magango ya chuma. Wakati mawe mawili yalipokwisha kuwekwa kando kando, fundi alichukua tindo yake akachonga mfuo katika uso wa juu wa mawe yote mawili, nusu ya mfuo katika jiwe hili na nusu katika jiwe lile. Mfuo ule ulikuwa na umbo la herufi H iliyolazwa ubavu, mwembamba katikati na mpana kwenye ncha zake. Mhunzi naye alikuwa amekwisha kufua gango lenye umbo lile lile, lakini dogo kidogo kuliko mfuo. Likawekwa ndani, kisha wakayeyusha risasi, wakaimimina hata ikajaza nafasi yote iliyobaki pande zote za chuma. Risasi ilipopoa, gango lilikuwa limelala ndani yake kama kokwa ndani ya tunda. Kwa kuyashika mawe ya juu na ya chini walitumia vigingi vya chuma vilivyosimama wima, navyo vilimiminiwa risasi vivyo hivyo. Baada ya hayo safu nyingine ya mawe ilipandishwa juu, na kazi yote ile ikafunikwa isionekane tena.

Mtu aweza kuuliza, Risasi ya nini? Si laini kiasi cha kukatwa kwa kisu? Naam, na ulaini huo ndio uliotakiwa. Wakati nchi inapotetemeka, chuma kigumu kinachogusa jiwe gumu hulipasua jiwe kwa ncha zake. Bali chuma kilichozungukwa na risasi kina mto wa kuegemea, maana risasi hubonyea kidogo, na pigo hupungua kabla ya kulifikia jiwe. Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Risasi huzuia maji na hewa visikifikie chuma, na chuma kisichofikiwa na maji na hewa hakishiki kutu. Mafundi wale hawakuandika kitabu cha kutueleza sababu zao, wala hawakujua elimu ya kemia ifundishwayo leo. Lakini kazi yao yaonyesha ya kuwa walijua litokealo chuma kikilowana ndani ya jiwe.

Warumi waliupokea ustadi huu kwa Wayunani, lakini wao wakautumia kwa namna yao wenyewe. Wayunani walipojenga Parthenon, jiwe lilikuwa ndilo ukuta wenyewe, tangu uso wa nje hata uso wa ndani. Warumi walipenda kujenga ukuta kwa matofali na zege, kisha wakauvika vibamba vyembamba vya marumaru, kama mtu mwenye shati lililochakaa avaavyo kanzu nzuri juu yake. Kaisari Augusto, yule atajwaye na Luka Mtakatifu katika habari za kuandikwa orodha ya watu, alijisifu ya kuwa aliukuta mji wa Roma umejengwa kwa matofali, naye akauacha umejengwa kwa marumaru. Sisi twaona ya kuwa kama angalisema ukweli wote angaliongeza neno moja, kwamba nyuma ya marumaru nyingi ya mji ule matofali yalikuwa yangalipo.

Basi kibamba kile chembamba hakina mguu wa kusimamia. Chokaa ya nyuma yake hukishika kwa muda, lakini chokaa peke yake haiaminiki juu ya ukuta mrefu. Kwa sababu hiyo fundi wa Kirumi alitoboa kitundu katika ukingo wa kibamba, akatia kulabu ya shaba au ya chuma, na mkia wa kulabu akaupeleka ndani ya ukuta, katika tundu alilokwisha kulitoboa, akaukaza kwa kipande cha marumaru na chokaa. Kulabu za shaba zilikuwa bora, kwa maana shaba haivimbi kama chuma ikishika kutu. Lakini shaba ni ghali. Leo, katika magofu ya Warumi, vibamba karibu vyote vimekwisha kuondolewa, na ukuta wa matofali umebaki uchi, nao una vitundu vilivyopangwa kwa safu. Wajuzi huvipima vitundu hivyo, wakajua kila kibamba kilikaa wapi na ukubwa wake ulikuwa kiasi gani. Hivyo nguo imepotea, lakini alama za vifungo zimebaki.

Jengo kubwa kupita yote ya namna hii ya kushikwa kwa vyuma katika Roma ni ule uwanja wa michezo uitwao Colosseum. Ulianzwa na Kaisari Vespasiano, na mwanawe Tito akaufungua mwaka 80; naye ndiye Tito yule aliyeuteketeza Yerusalemu mwaka 70. Kuta zake za nje si vibamba, ni mawe makubwa, nayo hayakuunganishwa kwa chokaa bali kwa magango ya chuma. Wakadiriao husema ya kuwa chuma kilichotumika kilikuwa kama tani 300. Utawala wa Roma ulipokwisha kuanguka, na chuma kuwa kitu adimu, watu walikuja na nyundo na tindo, wakatoboa mawe palipo na viungo, wakayachomoa magango wapate kuyafua majembe, visu, na silaha. Ndiyo sababu hata leo uso wa Colosseum una matundu tele, kama uso wa mtu aliyeponea ndui. Wageni wengi hudhani ni alama za vita. Jengo halikuanguka siku ile ile, maana mawe ni mazito na yalikuwa yamekwisha kukaa mahali pake. Lakini mwaka 1349 tetemeko liliangusha sehemu kubwa ya upande wa kusini wa kuta za nje, na mawe yaliyoanguka yakachukuliwa kujengea nyumba nyingine za mjini.

Turudi sasa Athene. Ibada za miungu zilipokomeshwa, Parthenon iligeuzwa kuwa kanisa, ikawekwa wakfu kwa jina la Mama wa Bwana wetu, na watu wakasali mle kwa muda wa miaka mingi sana. Waturuki walipoutwaa mji katika mwaka 1458 kanisa likageuzwa msikiti. Katika miaka yote hiyo, juu ya ibada zote hizo, magango ya Iktinos yalifanya kazi yake bila kutengenezwa na mtu. Kisha tarehe 26 Septemba 1687, Waturuki walipokuwa wamezungukwa na jeshi la Wavenezia, walikuwa wameweka baruti ndani ya jengo, na kombora la adui likaipiga. Parthenon ikapasuka katikati. Nguzo za pande mbili ndefu zikaanguka, na mawe yakatawanyika juu ya kilima. Yalilala hivyo zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1894 tetemeko lilitikisa mji wa Athene, na vipande vya jengo lililobaki vikalegea. Serikali ya nchi ikaona haya kuacha urithi wake uanguke mbele ya macho ya dunia nzima, na kazi ya kuutengeneza ikaangukia mikononi mwa injinia mmoja Myunani, jina lake Nikolaos Balanos. Alianza mwaka 1898, akaendelea na kazi hiyo, pengine katika Parthenon na pengine katika majengo mengine ya Akropoli, mpaka miaka ya 1930. Safu ya nguzo za upande wa kaskazini, iliyoangushwa na baruti, aliisimamisha tena katika miaka ya 1920, na kila mgeni aendaye Athene huzitazama nguzo hizo.

Hatupendi kumsema Balanos kama mtu aliyekuwa mvivu au asiye na elimu. Alikuwa na bidii, aliipenda kazi yake, na watu wa wakati wake walimsifu. Alikuwa na imani kubwa katika chuma, kama walivyokuwa nayo wengi wa zamani zake, waliokwisha kuona madaraja na majengo marefu yakisimamishwa kwa chuma mahali ambapo baba zao wasingethubutu. Kwa hiyo alitumia chuma kwa wingi. Alitia magango mapya, akapitisha mihimili ya chuma ndani ya mawe ya juu ya nguzo yaliyovunjika, na palipo jiwe lililomsumbua alilichonga ili lipate kulingana na jiwe jingine, ijapokuwa mara nyingine mawe hayo mawili hayakuwa jirani hapo kale. Chuma chake alikikaza kwa saruji. Lakini risasi hakuimimina kama walivyoimimina watu wa Iktinos. Mwaka 1931 wajuzi wa majengo ya kale kutoka nchi nyingi walikutana pale pale Athene, wakakubali kwamba vifaa vipya, kama vile zege yenye vyuma, vitumike katika kutengeneza majengo ya kale, tena wakapendelea vifichwe, sura ya jengo isiharibike. Basi mambo yote yalionekana kuwa mema.

Hapa imetupasa kueleza namna kutu ifanyavyo kazi yake, maana wengi hudhani ya kuwa kutu ni kula tu, kama mchwa walavyo ubao, hata chuma kikapungua kikaisha. Kupungua kupo, lakini ndani ya jiwe hatari iko katika kuongezeka. Chuma kikishikana na maji na hewa hugeuka kitu kingine, na kitu hicho kipya hutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili, pengine mara nne, pengine hata mara sita. Panga iliyosahauliwa shambani wakati wa masika ikifunikwa na magamba mekundu, magamba yale yana nafasi ya kutosha ya kukua, kwa kuwa yako wazi hewani, na hayamdhuru mtu ila mwenye panga. Lakini chuma kilichobanwa ndani ya jiwe hakina mahali pa kukulia. Kikivimba hulisukuma jiwe kutoka ndani, polepole, mwaka hata mwaka, kwa nguvu isiyozuilika. Marumaru huvumilia sana kulemewa na mzigo kutoka juu, lakini haivumilii kuvutwa wala kutanuliwa. Ndipo hupasuka. Ndugu zetu wa pwani wamekwisha kuliona jambo hili katika nyumba zao wenyewe, pale nondo zilizotiwa katika zege karibu na bahari zinapoanza kushika kutu kwa ajili ya chumvi. Kwanza huonekana ufa mwembamba ufuatao njia ya nondo, kisha doa jekundu, kisha zege humenyuka na kuanguka vipande vipande.

Ndivyo ilivyokuwa Athene. Haikupita miaka 50 tangu chuma cha Balanos kutiwa, marumaru iliyokuwa imestahimili karne ishirini na zaidi ikaanza kupasuka. Moshi wa mji uliokua ukasaidia uharibifu, maana mvua ichanganyikayo na moshi huwa kali, huula uso wa marumaru na kuhimiza kutu. Ajabu ni kwamba mahali ambapo mfuko wa risasi ya kale ulikuwa haujaguswa, gango la kale lilikuwa zima, na jiwe lake zima. Bali mahali palipotengenezwa palikuwa pamepasuka. Twaomba msomaji asimame kidogo hapa, kama tulivyosimama sisi tuliposoma habari hii mara ya kwanza. Mtu alikuja kuponya, na ufa ukafuata njia ya mkono wake. Katika Kiswahili chetu neno gango latokana na kuganga, nalo latumika kwa kuunga kitu kilichovunjika na kwa kutibu mgonjwa pia.

Kosa hilo halikuwa la Balanos peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika London na miji mingine ya Uingereza, watu walianza kujenga nyumba kubwa kwa mifupa ya chuma cha pua, kisha wakaizungushia mawe mazuri, wakayabana karibu kabisa na chuma, ili nyumba ionekane kana kwamba ni ya mawe matupu. Maji ya mvua yalipenya katika viungo, chuma kikashika kutu, mawe yakasukumwa nje. Waingereza huuita ugonjwa huo kwa jina la Regent Street, mtaa maarufu wa London wenye nyumba nyingi za namna hiyo. Jina la ugonjwa kupewa mtaa mzuri namna ile si heshima ndogo.

Kuta za namna hiyo zikipasuka, vipande vyake huanguka njiani. Mwaka 1979 katika mji wa New York msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa akipita kwa miguu chini ya nyumba ndefu, na kipande cha ukuta kikamwangukia kutoka juu, akafa. Alikuwa hana kosa lo lote ila kupita njia ambayo watu wote hupita. Mwaka uliofuata mji ule ulitunga sheria ya kuwa kila nyumba iliyozidi orofa sita, kuta zake ziangaliwe na mjuzi kila baada ya miaka mitano. Sheria hiyo imeongezewa nguvu mara kadhaa tangu hapo. Sisi twaona ni jambo la kuhuzunisha ya kuwa chuma kilichofichwa kilianza kuulizwa habari zake baada ya mtu kufa.

Wengine watasema, Dawa ni rahisi, tutumie chuma kisichoshika kutu. Walakini habari ya Chicago yatuonyesha ya kuwa hata hiyo haitoshi. Mwaka 1973 katika mji huo wa Marekani ilikuwa ikimalizika nyumba ya orofa 83 ya kampuni ya Standard Oil, yenye urefu wa meta 346. Nyumba yote ilivikwa marumaru nyeupe ya Carrara, kutoka Italia, vibamba kama 43,000. Michelangelo alichonga sanamu zake kwa marumaru ya Carrara, na mtu angefikiri ya kuwa jiwe hilo halina la kuulizwa. Lakini sanamu ni nene, na vibamba vile vilikuwa na unene usiofika hata sentimeta 4, vimeshikwa kingoni kwa vyuma. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1973 kibamba kimoja, chenye uzito upatao kilo 160, kilichomoka, kikaanguka juu ya nyumba ya jirani na kulitoboa dari lake la juu.

Mwaka 1985 nyumba ilipokaguliwa, vibamba vingi vilikutwa vimepasuka, na vingine vimepinda kama ubao mbichi ulioachwa juani. Jiwe kupinda! Lakini ndivyo ilivyo. Chembe za marumaru, zikipata joto, hutanuka upande mmoja na kujikunyata upande mwingine. Kwa hiyo chembe husuguana, na kila jua la mchana na kila baridi ya usiku huzilegeza kidogo. Katika jiwe nene ulegevu huo hubaki usoni tu, bali katika kibamba chembamba hupenya mpaka ndani. Kwanza walivifunga vibamba kwa mikanda ya chuma kisichoshika kutu, ili visianguke. Kisha kati ya 1990 na 1992 wakavivua vyote, wakaivika nyumba graniti nyeupe kutoka North Carolina, na gharama yake ilizidi dola milioni 80. Sehemu kubwa ya marumaru ile ilisagwa, ikamwagwa kuwa kokoto za kupambia uwanja wa kiwanda cha mafuta. Nyingine walipewa mafundi walemavu, wakazichonga zikawa saa za mezani na vitu vya kuwekea kalamu. Na huko Helsinki, katika nchi ya Finland, jumba liitwalo Finlandia, lililomalizika mwaka 1971, lilipata ugonjwa ule ule; vibamba vyake vya Carrara vilipinda, vikabadilishwa katika miaka ya 1998 na 1999 kwa marumaru ya Carrara nyingine, kwa sababu watu waliipenda sura yake. Nayo ikapinda.

Sasa tumalize habari za Athene. Mwaka 1975 serikali ya Ugiriki iliweka baraza la wajuzi kuyaangalia majengo ya Akropoli, wakiwamo waashi, mainjinia, na wajuzi wa kemia na wa mambo ya kale. Uamuzi wao ulikuwa mgumu: ilibidi kazi ya Balanos ivunjwe. Jiwe moja moja lilishushwa kwa winchi, chuma chenye kutu kikatolewa kwa uangalifu, mara nyingine kwa muda mrefu kuliko ule wa kukitia, na nyufa zikaungwa. Kazi ilianza katika hekalu dogo liitwalo Erechtheion, mwaka 1979, ikaisha 1987. Na katika Parthenon ilishika nguvu katika miaka ya 1980. Walipoyapima mawe moja moja, mafundi waliweza kutambua kwa alama za mifuo ya magango ya kale ni jiwe gani lililokuwa jirani ya jiwe gani katika siku za Iktinos, na mawe mengi ambayo Balanos aliyaweka pasipo pake yakarudishwa kwao.

Mahali pa chuma walichagua madini iitwayo titani. Hiyo ni nyepesi kuliko chuma, ina nguvu, haishiki kutu kwa mvua wala kwa chumvi, na ikipata joto hutanuka kwa kadiri inayokaribiana na ile ya marumaru, hata jiwe na gango huenda pamoja. Ni ghali sana. Magango ya titani hukatwa, hutiwa katika mifuo, na kukazwa kwa saruji nyeupe. Magango ya kale yaliyokutwa mazima ndani ya risasi yake huachwa yakae.

Lakini jambo lililotupendeza kuliko yote katika kazi yao ni hesabu wanayoifanya kabla ya kukata kila gango. Mtu angedhani ya kuwa hutafuta gango lenye nguvu kupita kiasi, lisiloweza kukatika kamwe. Sivyo. Huipima nguvu ya jiwe kwanza, kisha hulipa gango nguvu pungufu kidogo kuliko ile ya jiwe. Likija tetemeko kubwa, ni gango litakalovutika na kukatika, na marumaru itabaki nzima. Gango jipya laweza kukatwa karakanani siku ya pili yake, bali jiwe lililochongwa zamani za Perikles hakuna wa kulichonga tena. Kazi hiyo ya Akropoli ingali ikiendelea, jiwe kwa jiwe.